Mzee Anazimwa Kidogo Kidogo

"Hivi huyu mkwe wenu," jirani mshonaji aliuliza siku moja, pini akiwa amezibana mdomoni, "alikuja kuoa binti, au alikuja kuoa ile kompyuta ya baba yake?"

Mama alikuwa amesimama juu ya kigoda akipimwa gauni, hakuweza kugeuka. Alicheka. "Mwenzangu, huo mdomo wako utakuponza." Mshonaji naye akacheka, akachomeka pini kiunoni mwa gauni, na mazungumzo yakahamia kwenye vifungo, kama viwe vyeusi au vya rangi ya kitambaa. Lakini swali lile Mama aliondoka nalo. Alifika nalo nyumbani, akapika nalo, akapiga magoti kusali likiwa bado limekaa pale pale.

Nyumba yao ilikuwa na chumba cha mbele kilichofungukia barabarani. Humo mumewe alitengeneza printa za watu, zilizomeza karatasi na zilizotapika wino. Hiyo ndiyo kazi iliyoweka chakula mezani. Watu walimwita Mabano, kwa sababu ile lugha ya kompyuta aliyojifunza ujanani imejaa mabano kila mstari, naye akayazoea hadi kwenye karatasi ya sokoni: vitunguu (vikubwa), mafuta (kama yapo). Mama yeye hakumwita Mabano. Alimwita Mzee, tangu siku ambazo hakuwa na unywele mmoja mweupe.

Kazi yake ya pili haikumlisha mtu. Nyuma ya pazia la chumba kile kulikuwa na meza, kompyuta, na kibodi kuukuu ambayo herufi zake zilikuwa zimefutika, na vitufe vya mabano vilikuwa vimelika hadi vikang'aa. Hapo Mabano alikuwa mlezi wa programu. Ndivyo wenyewe walivyoitana, walezi, na yeye alikuwa mlezi mkuu. Programu hiyo ilichukua majibu kutoka kwenye mashine za maabara ikayapanga kwenye faili la mgonjwa. Aliianza binti yake akiwa bado anabebwa mgongoni, akaiachia dunia bure: anayetaka aichukue, aitumie, aifungue aone utumbo wake, airekebishe akiweza. Zahanati za nchi asizowahi kuzikanyaga ziliitumia. Watu wa huko walimtumia marekebisho yao, naye ndiye aliyesema hili liingie, hili lirudi. Bila kidole chake hakikuingia kitu.

Mama hakuelewa yaliyomo ndani yake. Alielewa hili tu, kwamba mumewe alikuwa akifokewa na watu wenye printa mbovu, kisha akivuka pazia anaheshimiwa.

Mkwe alikuwa kijana mpole mwenye kazi ya kompyuta kwenye ofisi moja ya ghorofani, na Mabano alimpokea hadi nyuma ya pazia, akampa ruhusa ya mlezi. Baada ya harusi, yeye na binti walipewa vyumba viwili vya uani, kwa muda tu, mpaka wapate pao. Muda ukakaa, nao wakakaa. Si jambo jepesi mwanamume kulala ukweni. Kila alipopita uani alikohoa kidogo kabla ya kufika dirishani, ili asimkute mtu vibaya. Kikohozi kile Mama alikuwa akikiita adabu. Baada ya swali la mshonaji alianza kukisikia vingine. Mtu anayekohoa ili ujue yupo, je, asipokohoa yuko wapi?


Ugomvi uliletwa na jina la mwanamke mmoja asiyejulikana na yeyote humo ndani.

Mwanamke huyo aliolewa, akaongeza jina la mumewe juu ya majina yake yote ya awali, akaenda zahanati lirekebishwe kwenye faili. Jina likawa refu kupita nafasi iliyotengwa, kwa herufi moja. Lugha aliyoitumia Mabano haina tabia ya kukataa. Ikimwagiwa, inapokea, na kinachozidi kinamwagikia jirani. Jirani wa nafasi ya jina ilikuwa nafasi ya kundi la damu. Herufi ya mwisho ya jina lile ilikuwa A. Ikadondoka juu ya O, ikaifunika. Mwanamke alipokuja kujifungua, muuguzi akasoma A kwenye kioo cha kompyuta, na ni yeye mwenyewe mgonjwa aliyesema akiwa kitandani, "Dada, mimi ni O toka nizaliwe."

Mungu alisimama pale. Ujumbe wa zahanati ulimfikia Mabano asubuhi, na jioni ile ile mkwe aliomba kuzungumza.

"Baba, naomba usinielewe vibaya."

"Mkwe, ukianza hivyo nimeshakuelewa vibaya. Endelea."

"Kasoro ile si ya mtu. Ni ya lugha. Lugha yetu ya zamani inamwamini mwandishi kupita kiasi. Ukiiambia imimine ndoo nzima kwenye kikombe, inamimina. Hii mpya ina mkaguzi wake. Anakataa kabla tone halijatoka."

"Mimi sikumimina ovyo. Nilipima."

"Najua ulipima, baba."

"Nilipima kwa jina la mama yangu."

Alikuwa akisema kweli. Ndani ya programu kuna mistari ambayo mashine huiruka, imeandikwa kwa ajili ya macho ya watu. Kando ya nafasi ya jina, Mabano aliandika zamani: nafasi hii inamtosha mama. Jina la mama yake, likibeba la babake na la babu yake, ndilo lililokuwa refu kuliko yote aliyoyajua. Aliona kama limeenea la mama, litaenea la dunia.

"Basi niongeze nafasi," alisema. "Nikishaongeza, ugonjwa umekwisha."

"Hapo umekwisha. Kuna sehemu ngapi kama hiyo?"

Mabano akageuza maneno. "Zahanati zenye kompyuta kuukuu, hiyo lugha yako inakaa humo?"

"Kwenye nyingi inakaa."

"Na zisizo katika hizo nyingi?"

Mkwe akatazama mikono yake.

"Na walezi wenzangu? Watu wana mvi, wengine wana wajukuu. Niwaambie warudi darasa la kwanza? Na wewe ukichoka kesho ukapata kazi nono huko, hiyo lugha nitamwachia nani? Mama yako hapa?"

"Mimi mniache na masufuria yangu," Mama alisema, na wote wakacheka, lakini kila mmoja alicheka akimwangalia mwenzake.

"Tungeanza na kipande kimoja tu, baba. Cha majina. Tuone."

"Tuone," Mabano alisema. Hakumaanisha ndiyo, na mkwe akafikiri amemaanisha.


Mambo yakasambaa kule mtandaoni, kwenye uwanja wa walezi wa programu. Mmoja aliandika kwamba lugha mpya ni mtindo kama mitindo ya viatu. Mwingine akaandika kwamba kuna wazee wamekalia mlango, hawaingii wala hawatoki. Mlezi mmoja wa miaka mingi, ambaye Mabano hakuwahi kumwona uso ila waliombeana heri kila mwaka mpya, aliandika mistari mitatu mikali akaondoa jina lake kwenye orodha ya walezi. Mabano aliyasoma yote hayo kwa sauti wakati wa chakula, na kila alipofika kwenye neno "vijana" aliinua macho kuelekea mlango wa uani.

Siku kipande cha majina kilipoletwa, alimwita Mama aliyekuwa akikunja nguo.

"Njoo uone mkweo alivyoniandika."

"Nitaona nini huko, Mzee? Kwangu hayo ni mapambo tu."

"Mimi nakusomea. Neno hili hapa, kwa lugha yetu, ni 'si salama.' Kila anapogusa kazi yangu analitanguliza. Hapa, si salama. Shuka chini. Si salama. Huku tena." Alikuwa akigonga kioo kwa kucha. "Hata nyumba yenye ukoma haiwekewi vibao namna hii."

Mama alisogea. Neno lenyewe hakulijua, lakini aliliona limerudiwa, limesimama mwanzoni mwa mistari kama askari.

Mkwe alipoulizwa, alieleza vizuri tu. Mkaguzi wa lugha mpya haoni ndani ya lugha ya zamani. Kwa hiyo kila mahali mpya inapoishika ya zamani, mwandishi analazimika kuweka neno lile, maana yake hapa mkaguzi hajaona, jiangalieni wenyewe.

"Si mimi, baba. Ni sheria ya lugha."

"Na lugha aliichagua nani?"

Binti alikuwepo, akimimina chai. Chai ikafurika kikombe kidogo, akaipangusa haraka kwa kitambaa. Mama aliliona hilo. Alidhani binti ameumia kwa ajili ya baba yake.


Ilikuwa mchana, jua kali, Mama yuko nyuma ya tangi la maji akianua nguo. Mkwe alitoka chumbani na simu sikioni. Siku hiyo hakukohoa.

"Hapana, hapana," alikuwa akisema. "Mzee hatumuui kwa siku moja, watu watapiga kelele. Tunamzungushia ukuta kwanza. Halafu tunamnyang'anya kazi mojamoja. Leo majina, kesho vipimo. Mwenyewe ataendelea kusimama pale kama yuko kazini, kumbe hana anachoshika. Mwisho tunamzima, na hakuna atakayejua kama alikuwepo." Akasikiliza, akacheka. "Ee, mbishi. Lakini ndani keshaoza, bwana. Tumpumzishe tu."

Mama alibaki na shuka mikononi, kibanio cha nguo mdomoni. Hakutikisika hata mkwe aliporudi ndani. Shuka lilikuwa kavu, lakini mikono yake ililowa.

Hakukimbilia kusema. Alikuwa mtu wa kungoja. Alimwomba Mungu amfungue masikio kama alisikia vibaya, na kwenye chakula cha jioni alimpa kijana nafasi ya kujitoa.

"Mkwe, leo ulikuwa na simu ya furaha. Nilisikia kicheko."

"Ni mambo ya kazini tu, mama."

Mkwe alisema "tu" kwa kuwa aliona mambo yale yatamchosha mama wa watu. Mama aliisikia "tu" ikifungwa kama mlango.

Kulipokucha, baada ya sala, alimweleza mumewe. Hakuongeza neno wala hakupunguza.

"Alisema mzee?"

"Mzee."

"Hakutaja jina?"

"Humu ndani kuna mzee mwingine?"

Mabano alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Keshaoza ndani," alisema polepole, kama anayeonja kitu kujua kama kimeharibika. Kisha akavuka pazia. Mama alisikia vitufe vikilia, vichache. Mabano alikuwa amemwondolea mkwe ruhusa. Kwenye programu ile sasa hakuwa mlezi tena, alikuwa mpita njia.


Mkwe aliligundua hilo ofisini. Alikuwa amewakusanya wenzake wawili awaonyeshe kipande cha majina kinavyofanya kazi, akaingiza neno la siri, mlango ukamkatalia. Akajaribu tena. Huna ruhusa, kioo kikaandika.

"Si ulisema mwenye nayo ni baba mkwe?" mmoja aliuliza.

"Ndiye."

"Basi kaka, leo huko hulali ndani." Wakacheka. Naye alicheka, masikio yakiwa yamemwaka moto.

Alifika nyumbani mapema, akapita uani moja kwa moja hadi chumba cha mbele. Mabano alikuwa ameinamia printa iliyofunguliwa mgongo. Mama alikuwa amekaa mlangoni kwa makusudi, maana alijua mtu atakuja.

"Baba, umenitoa."

"Nimekutoa."

"Mbele ya wenzangu."

"Wenzako wale mnaopanga kunizima?"

Mkwe alitazama kushoto, akatazama kulia. "Kukuzima vipi?"

"Mwambie, Mama."

Mama akamwambia. Alirudia yote, ukuta, kazi mojamoja, kuoza, kumpumzisha. Alivyokuwa akiendelea, uso wa kijana ulibadilika, ukapauka, kisha akafanya kosa kubwa kuliko yote ya wiki ile. Alicheka.

"Samahani. Samahani, mama, si dharau. Mzee ni programu. Ile sehemu ya zamani, ndiyo tunaiita Mzee. Kule kwenye mradi vijana wote wanaiita hivyo. Mzee kagoma, Mzee kapokea, Mzee tunamzima. Si mtu, wallahi si mtu. Ningewezaje mimi kumsema baba hivyo?"

Mama akatamani ardhi ya mlangoni pale immeze. Lakini Mabano hakutulia hata kidogo.

"Vijana wote," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Tangu lini?"

"Muda kidogo."

"Na mimi humo ndiye mtu pekee anayeitwa mzee na kila mmoja wenu. Mkicheka kwamba Mzee mbishi, Mzee kaoza, mnajua mnacheka nini?"

Mkwe akarudi nyuma hatua moja.

"Jina nililitoa mimi."

Alikuwa binti. Alikuwa amesimama kwenye ukingo wa pazia, na hakuna aliyejua ameanza kusimama pale lini. "Nililitoa kwa upendo, baba."

"Wewe unaingiaje humu?"

Binti akamtazama mumewe. Mumewe akatazama sakafu. Mama aliona mtazamo ule ukienda na ukirudi.

Mabano naye aliuona. Akafuta mikono wino, akavuka pazia, akafungua kipande cha majina. "Mkwe, njoo. Hapa umelinakili jina lote badala ya kuliazima kule kule lilipo. Kwa nini?"

Mkwe aliinama, akasoma. Akajikuna kidevu. "Hapo ni... kwa usalama zaidi."

"Kwa sababu Mzee akimaliza anafuta kila kitu," binti alisema kutoka nyuma yao. "Tungeliazima, tungebaki tumeshika hewa. Nimeliandika mimi, baba. Lote nimeliandika mimi. Yeye alilipeleka kwa jina lake."

Barabarani mtu alipita akipiga mluzi. Waliusikia mluzi mpaka ukaisha.

"Nilikuletea lugha hii mwaka juzi," binti aliendelea. "Ulisema ni lugha ya watoto wanaoogopa kuanguka. Mkweo usingeweza kumwambia hivyo. Ungemsikiliza."

"Kwa hiyo mkanizunguka."

"Tulikuheshimu, baba," mkwe alisema.

"Mlinizunguka kwa adabu."

Mama alimtazama binti yake, mtoto aliyemnyonyesha, aliyepangusa chai iliyofurika kwa haraka vile, akajiuliza ni mangapi mengine yamepanguswa mbele ya macho yake. Kumbe alikuwa amelinda mlango wa uani wakati mwizi, kama ni mwizi, alikuwa akila naye sahani moja.

"Kaa hapa," Mabano alimwambia binti, akamwachia kiti chake. Hakuwa amewahi kumwachia mtu kiti kile. "Weka jina la bibi yako. Lote."

Binti aliandika kwenye kibodi isiyo na herufi bila kuitazama, maana alijifunzia hapo hapo. Jina likaingia.

"Ongeza la mumeo."

Likaingia.

"Ongeza langu. Ongeza la mama yako. Andika mpaka uchoke."

Jina lilirefuka hadi likavuka ukingo wa kioo na kuendelea lisikoonekana. Kundi la damu lilikaa palepale pembeni, O, halikuguswa.

Mabano aliegemea mbele, pua karibu na kioo. Alikuwa akitafuta kitu kingine. Alishuka mstari kwa mstari, akapanda, akashuka tena.

"Mstari wa bibi uko wapi?"

"Nimeufuta, baba."

"Umeufuta."

"Haukuwa na kazi tena. Hapa hakuna kupima. Nafasi inajipanua yenyewe, jina liwe la nani."

"Hata la mama."

"La yeyote." Sauti ya binti ilikatika kidogo. "Naweza kuurudisha. Kama maelezo."

"Maelezo ya nini?"

Mkwe alikohoa kile kikohozi chake, kisha akaonekana kujuta.

Mabano alinyoosha mkono juu ya bega la binti. Alirudisha ruhusa ya mkwe kwanza. Akaongeza jina la binti chini yake, kwa herufi zilizo kamili, na mbele yake akaandika mlezi. Halafu akafungua ombi la kipande cha majina, lenye vile vibao vyote vya si salama, akalikubali. Kioo kiliandika kwamba limeingia. Vidole vyake vilitulia juu ya vitufe kwa muda, viwili vya mwisho juu ya mabano.

Kisha akainama chini ya meza, akachomoa waya wa kibodi. Aliuzungusha waya mkononi vizuri, kama anavyofanya kwenye printa za watu, akaitia kibodi kwapani.

"Baba, tutafanyaje bila..." mkwe alianza. Binti akamgusa mkono. Mama akauona na mguso ule.

Mabano alipita katikati yao, akapita printa iliyo wazi mgongo, akafika mlangoni alipokuwa mkewe. Mama alisogeza magoti kumpisha. Alitaka kumwita, amuulize anakwenda wapi jua likiwa bado kali hivi, na chakula kiko jikoni. Alifungua mdomo kumwita Mzee, kama alivyomwita miaka yote, akakumbuka jina hilo sasa ni la kitu kinachozimwa. Alitafuta jingine, hakuwa nalo.

Ng'ambo ya barabara mshonaji alisimamisha cherehani, akainua kichwa. Mabano alishuka ngazi, kibodi kwapani, akashika njia.